Toyota ya Mujapani, kifo cha Muchina: namna kidonda cha vita kilibaki ndani ya soko ya gari kule Marekani

Katika Bukavu, Butembo, Bunia ao Kalemie, mutu akiwa na feza kidogo na anatafuta gari, jina la kwanza atakalosikia kwa mekanisie ni Toyota. Hakuna anayeuliza Japani ilipigana vita na nani. Watu wanauliza kama mapiesi yanapatikana, kama gari inaweza kupita ku barabara ya matope, na kama haikunywi esansi mingi. Gari nyingi zinatoka Japani zikiwa zimekwisha kutumiwa, zinashukia ku bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, kisha zinaingia Congo na usukani wao upande wa kuume, hata kama hapa watu wanaendesha gari upande wa kuume wa barabara. Shofere anazoea, maisha inaendelea.

Lakini kuna fasi moja ambapo gari ileile ilikuwa sababu ya hasira kubwa. Mwanzo wa miaka ya 1980, katika muji wa Detroit na miji mingine ya kaskazini ya Marekani, watu walikuwa wanakusanyika mbele ya Toyota ao Honda, wanashika nyundo kubwa, na kila mumoja anaivunja kwa zamu yake huku wengine wanashangilia. Ndani ya hasira hiyo mulikuwa mambo mawili yaliyochanganyika: shida ya kukosa kazi ya wakati ule, na kidonda cha vita kilichokuwa kimepita karibu miaka 40. Mwisho wake mutu mumoja alikufa, na mutu yule hakuwa hata Mujapani.

Habari hii inafaa kuelezwa polepole kwa wakaaji wa mashariki mwa Congo, sababu hapa watu wanajua vita, na wanajua pia maneno ya "tusinunue vitu vya inchi fulani".

Vita iliacha nini

Tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani zilipiga kambi ya jeshi la bahari la Marekani kule Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa siku ile. Kesho yake Marekani iliingia katika vita ya pili ya dunia.

Miezi miwili kisha, tarehe 19 Februari 1942, President Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066. Kwa amri hiyo, watu karibu 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa katika nyumba, mashamba na butiki zao za upande wa magaribi ya inchi, wakatiwa katika kambi zenye kuzungukwa na waya za miiba. Karibu watu 2 ku kila 3 walikuwa raia wa Marekani, waliozaliwa Marekani, wenye kusoma katika masomo ya Marekani. Hakuna aliyepelekwa kwanza mbele ya tribinali. Kosa lao lilikuwa sura na jina la wazazi.

Marekani ilikuwa inapigana pia na Ujerumani na Italia. Kuna Wajerumani na Waitalia waliofungwa, lakini walichaguliwa mumoja mumoja. Hawakubeba jamaa zote, na wazee na watoto wachanga, kutoka upande muzima wa inchi. Tofauti hii itarudia katika habari ya gari.

Askari wa Marekani nao walirudi na vidonda vyao. Wengi waliokamatwa na jeshi la Japani walikufa juu ya njaa, magonjwa, kupigwa na kazi ya nguvu. Wamoja walitumikishwa katika mashimo ya kampuni ya Mitsubishi. Ni katika mwaka wa 2015 tu ambapo Mitsubishi Materials, kampuni ya kundi hilo, iliomba musamaha waziwazi kwa Wamarekani waliotumikishwa hivyo. Wakati ule wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Vita ile iligusa Congo pia. Uraniumu mingi iliyotumiwa kutengeneza bomu iliyoangushwa ku Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka ku mugodi wa Shinkolobwe, katika Katanga. Kwa hiyo, hakuna mutu anayeweza kusema kwamba vita kati ya Marekani na Japani ilikuwa habari ya mbali kabisa.

Kukataa gari juu ya kidonda

Baada ya vita, kulikuwa familia nyingi Marekani zilizosema: katika nyumba yetu hakutaingia gari ya Mujapani. Wayahudi wengi nao walisema vile juu ya gari za Wajerumani. Walikuwa na sababu. Kampuni ya Volkswagen ilianzishwa wakati wa utawala wa Hitler, na wakati wa vita kiwanda chake kilitumikisha watu kwa nguvu, wakiwemo wafungwa waliotoka katika kambi za mateso. Mwaka wa 1998, kampuni yenyewe ilianzisha mufuko wa kusaidia waliobaki kati ya watu hao.

Muzee aliyepoteza ndugu yake katika kambi, akikataa kuketi ndani ya gari yenye jina la kampuni iliyomutumikisha ndugu yule, hamukosei mutu. Feza ni yake, na ukumbusho ni wake. Kukataa kwa namna hiyo kuko na mupaka ulio wazi: kunaishia ku mulango wa garaji. Muzee hanunui, basi.

Na hata kidonda hicho kiliweza kupona kwa wengi. Volkswagen ile ndogo yenye mugongo wa mviringo, ambayo wazee wengi wa Congo wanaikumbuka sana, iliuzwa mara 2 tu Marekani katika mwaka wa 1949. Mwaka wa 1968, Wamarekani walinunua zaidi ya 400,000. Matangazo yake yaliyosifiwa sana kuanzia 1959 yalitengenezwa na kampuni ya New York ambayo mumoja kati ya wakubwa wake, Bill Bernbach, alikuwa Muyahudi. Bei ndogo na gari isiyosumbua vilishinda.

Toyota 287

Wajapani walianza kwa kuanguka. Mwaka wa 1950, Toyota ilikuwa karibu kufunga milango juu ya madeni. Kilichoiokoa ni vita ingine: jeshi la Marekani, lililokuwa linapigana Korea, liliagiza kamyo nyingi kwake. Kwa maneno mengine, jeshi lililoshinda Japani ndilo lililosaidia Toyota kusimama tena.

Mwaka wa 1957, Toyota ilifungua ofisi yake ya kwanza ya kuuzisha gari kule California. Mwaka uliofuata iliuzisha gari aina ya Toyopet Crown 287, na Land Cruiser moja. Toyopet ilikuwa imetengenezwa kwa barabara za Japani za wakati ule. Ku barabara kubwa za Marekani, penye kukimbia saa nzima, motere yake ilikuwa inapata moto na gari inatetemeka. Watu walicheka. Wakubwa wa Toyota walisimamisha kuuzisha gari hiyo, wakarudi nyumbani kujifunza.

Wakati ule kampuni 3 za Detroit, yaani General Motors, Ford na Chrysler, hazikuogopa mutu yeyote. Zilitengeneza gari ndefu na nzito, zenye kumeza esansi kama maji, sababu esansi ilikuwa bei ndogo.

Esansi inapanda bei

Mwezi wa Oktoba 1973, inchi za Waarabu zenye petroli zilikataa kuuzisha petroli kwa Marekani juu ya vita ya Israeli. Ndani ya miezi michache tu, bei ya pipa moja ilitoka karibu dola 3 mpaka karibu dola 12. Wamarekani walipanga mustari mbele ya stasio, mambo ambayo hawakuyazoea. Mwaka wa 1979, mapinduzi ya Iran yalipandisha bei tena.

Mara moja gari ndogo ya Mujapani ilikuwa ya akili. Ilikunywa kidogo, na haikulala garaji kila mwezi. Kampuni za Detroit zilijaribu kutengeneza gari ndogo, lakini nyingi za kwanza zilikuwa na makosa. Kwa wakati uleule, interesi ya kukopa feza ku benki za Marekani ilipanda sana, na mutu wa kawaida hakuweza kukopa ili anunue gari mupya. Viwanda vilianza pia kutia mashini fasi ya mikono ya watu.

Sababu zilikuwa nyingi, na nyingi zilitoka ndani ya Marekani yenyewe. Mwaka wa 1980, Japani ilipita Marekani kwa hesabu ya gari zinazotengenezwa. Chrysler ilikuwa karibu kufa, ikaokolewa na serikali iliyosimama kuwa mudamini wa deni la dola miliare 1 na nusu. Mwisho wa 1982, katika jimbo la Michigan, ambamo muji wa Detroit unapatikana, zaidi ya watu 16 ku 100 wenye kutafuta kazi hawakuwa nayo.

Ni hesabu ya kuumiza. Mwanaume aliyeingia kiwanda akiwa kijana, aliyejenga nyumba na kusomesha watoto kwa mushahara wa kiwanda, siku moja anaambiwa arudi nyumbani. Anataka kujua nani alimunyanganya kazi. Kumueleza bei ya petroli, interesi ya benki na makosa ya wakubwa wa kampuni ni kazi ya siku nzima. Kumuonyesha Toyota inayopita barabarani ni kazi ya sekunde moja.

Nyundo, vibao na maneno ya Pearl Harbor

Kwa hiyo ziliingia nyundo. Ku fasi ya kusimamisha gari mbele ya ofisi kubwa ya sendika ya wafanyakazi wa gari, UAW, kulikuwa kibao kinachosema kwamba fasi ile ni ya gari za Marekani na Canada tu, na mwenye gari ya kigeni aende kuisimamisha kwingine. Nyuma ya gari watu walibandika maneno yanayotaja Honda, Toyota na Pearl Harbor pamoja, kama vile kuuzisha gari ni kupiga bomu mara ya pili.

Angalia vizuri namna neno lilivyobadilika. Mwanzo watu walisema: "Nunua gari ya Marekani, utalinda kazi ya jirani yako." Hiyo ni habari ya uchumi, mutu anaweza kukubali ao kubishana nayo. Kisha likawa: "Wajapani wametushambulia tena." Hiyo ni habari ya vita. Na katika vita, adui ana sura.

Wakubwa wa sendika wenyewe walijua kwamba jibu haliko ndani ya nyundo. Mwaka wa 1980, Douglas Fraser, president wa UAW, alienda Japani kuomba kampuni za kule zije kujenga viwanda Marekani, ili Wamarekani wapate kazi. Mwaka wa 1981, serikali ya Japani ilikubali kupunguza gari zinazotumwa Marekani mpaka milioni 1 na 680,000 kwa mwaka. Hivyo wakubwa walikuwa wanazungumuza na kuandika mapatano, wakati ku nganda za pombe na ku milango ya viwanda hasira ilikuwa inaendelea kupanda.

Usiku wa tarehe 19 Juni 1982

Vincent Chin alikuwa na miaka 27. Alizaliwa Uchina, akalelewa Michigan na wazazi Wachina waliomuchukua kama mutoto wao. Baba yake wa kumulea alikuwa ametumikia jeshi la Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia, yaani alikuwa upande wa wenye kupigana na Japani. Uchina yenyewe iliteswa na jeshi la Japani kwa miaka mingi kabla ya Pearl Harbor. Vincent alikuwa anachora plan katika kampuni moja ya ufundi, na siku za mwisho wa juma alihudumia watu ku restora. Alikuwa amebakiza siku 9 tu ili aoe.

Usiku ule alitoka na marafiki wake kwenda ku nganda moja ya Highland Park, muji mudogo ulio katikati ya Detroit. Jina la Highland Park liko kubwa katika historia ya gari: ni pale ambapo Ford alianza, mwaka wa 1913, kutengeneza gari kwa mustari unaotembea, na ni pale ambapo Chrysler ilikuwa na ofisi yake kubwa. Ndani ya nganda alikuwamo musimamizi mumoja wa kiwanda cha Chrysler pamoja na mutoto wa bibi yake, kijana aliyekuwa amepoteza kazi katika kiwanda cha gari. Ugomvi ulianza. Mwanamuke mumoja aliyekuwa anafanya kazi pale alishuhudia kwamba alisikia musimamizi yule akimutupia Vincent maneno, kwamba ni juu ya watu kama yeye ndiyo Wamarekani wanakosa kazi.

Waliachanishwa. Lakini wanaume wale wawili walimutafuta Vincent katika barabara, wakamupata mbele ya restora, na mukubwa akamupiga ku kichwa na fimbo ya muchezo wa baseball huku kijana akimushikilia. Vincent alikufa siku 4 kisha, tarehe 23 Juni. Watu walioalikwa ku ndoa walikuja ku maziko.

Hakuna gari yoyote ya Kijapani iliyokuwa katika ugomvi ule. Hakukuwa Mujapani hata mumoja.

Tribinali ilisema nini

Kosa la kwanza waliloshitakiwa lilikuwa kubwa zaidi, lakini kwa mapatano likapunguzwa kuwa kuua bila kukusudia. Tarehe 16 Machi 1983, muamuzi wa Michigan aliwaazibu wote wawili: miaka 3 ya kuchungwa bila kuingia gereza, amande ya dola 3,000 kila mumoja, na gharama za tribinali. Avoka wa serikali hakukuwa pale. Mama ya Vincent, Lily Chin, hakupewa nafasi ya kusema. Muamuzi alieleza kwamba wale hawakuwa watu wa kutuma gerezani.

Dola 3,000, wakati ule, hazikufika bei ya gari mupya.

Hapo ndipo watu wenye asili ya Asia katika Marekani walisimama pamoja. Mbele ya hapo, Muchina, Mujapani, Mukorea na Mufilipino kila mumoja alikaa na wake, na wamoja walikuwa na chuki zao za zamani za vita kati yao. Sasa walielewa kwamba ku macho ya mwenye fimbo wote ni mutu mumoja. Walianzisha shirika American Citizens for Justice, wakatembea katika miji, wakaomba serikali ya taifa iingilie. Mwaka wa 1984, tribinali ya taifa ilimuhukumu mukubwa miaka 25 ya gereza juu ya kuvunja haki za Vincent, na ikamuachilia kijana. Mwaka wa 1986, tribinali ya juu ilifuta hukumu ile juu ya makosa katika kusikiliza kesi. Mwaka wa 1987, kesi ilirudiliwa katika muji wa Cincinnati, na mukubwa naye akaachiliwa. Hakuna aliyetumika kifungo juu ya kifo kile. Lily Chin alirudi Uchina mwaka uleule. Alikufa katika 2002.

Gari ya kigeni ni gani?

Jambo lingine linaonyesha upofu wa hasira ile. Tangu mwaka wa 1971, Chrysler yenyewe ilikuwa na sehemu ya Mitsubishi, na ilikuwa inauzisha Marekani gari ndogo zilizotengenezwa na Mitsubishi kule Japani, zikiwa na jina la Dodge Colt. Mutu aliweza kutukana Toyota asubui, na mangaribi akapanda Dodge iliyotoka Japani ku meli ileile.

Kisha mambo yakachanganyika zaidi:

– Mwezi wa Novemba 1982, miezi 5 tu kisha kifo cha Vincent, Honda ilianza kutengeneza Accord katika Marysville, jimbo la Ohio, kwa mikono ya wafanyakazi Wamarekani. Nissan ilifuata katika Tennessee mwaka wa 1983.

– Mwaka wa 1984, General Motors na Toyota walifungua tena pamoja kiwanda kilichokuwa kimefungwa kule Fremont, California. Ndani yake ilitoka Chevrolet Nova. Jina lilikuwa la Kimarekani. Gari yenyewe ilikuwa Toyota Corolla.

– Mwaka wa 1988, Toyota ilianza kutengeneza Camry katika Georgetown, jimbo la Kentucky. Baadaye Camry ilitiwa mara kadhaa ku nafasi ya kwanza ya orodha ya gari zenye kazi na mapiesi mengi ya Marekani.

– Chrysler, ambayo watu walitaka kuilinda, iliungana na Daimler ya Ujerumani mwaka wa 1998, kisha ikaingia katika mikono ya Fiat ya Italia. Tangu 2021 iko ndani ya Stellantis, yenye makao yake Uholanzi.

Serikali ya Marekani iliona pia kwamba raia hajui tena anachonunua. Sheria ya mwaka wa 1992 ililazimisha kila gari mupya ionyeshe ku karatasi fasi ilipounganishwa, na ni sehemu gani ya mapiesi yake iliyotoka Marekani na Canada. Mutu anayetaka kulinda kazi ya jirani anaweza sasa kusoma karatasi ile. Jina lililo mbele ya gari halimuambii mengi.

Na Mujerumani je?

Mwaka wa 1982, Volkswagen nayo ilikuwa inauzisha gari ndogo Marekani, na tangu 1978 ilikuwa na kiwanda katika Pennsylvania. Ujerumani nayo ilipigana na Marekani, tena vita mbili. Lakini Mumarekani mwenye babu Mujerumani aliweza kuingia ku nganda ya Detroit bila mutu kumuuliza habari ya Volkswagen. Sura yake ilifanana na ya wengi. Mwenye babu Mujapani, ao Muchina, ao Mukorea, alibeba vita ku uso wake kila siku, hata kama yeye na baba yake walizaliwa Chicago.

Marekani ilikubali sehemu ya kosa hilo. Tarehe 10 Agosti 1988, President Reagan alitia sahihi sheria iliyoomba musamaha kwa waliofungwa katika kambi za 1942, na iliyowapa waliobaki dola 20,000 kila mumoja. Sheria ile ilisema kwamba sababu zilikuwa ubaguzi, woga wa vita na kukosa uongozi. Lakini chuki ya namna hiyo hailale usingizi wa milele. Mwaka wa 2020, wakati COVID-19 ilianza kuua, watu wenye sura ya Asia walipigwa na kutemewa mate katika miji ya Marekani, na wengi wao hawakuwa Wachina. Wakati ule wengi walitaja tena jina la Vincent Chin.

Mashariki mwa Congo inasikia nini katika habari hii

Congo haina Detroit yake. Mutu hawezi kuchagua kati ya gari iliyotengenezwa Congo na ya kigeni, sababu karibu zote ni za kigeni. Lakini vitu vingine vya kila siku vinavuka mipaka: maziwa, sabuni, simiti, bia, mayai. Na vita, hapa, si ya miaka 40 iliyopita. Kuna mama waliozika watoto wao, na kuna wakimbizi ambao hawajarudi ku mashamba. Wakati mutu kama huyo anasema hatanunua kitu kinachotoka inchi anayoona ilimuletea vita, hapashwi kuchekwa. Hata muzee Muyahudi aliyekataa Volkswagen hakuchekwa.

Hatari inaanza pale ambapo neno linatoka ku kitu na linaingia ku mutu. Kila mukaaji wa mashariki anajua wakati ambapo mutu anatazamwa vibaya sokoni, ao anashushwa ku gari mbele ya barrière, juu ya urefu wake, pua yake ao luga ya mama yake. Mutu huyo pengine amezaliwa territoire ileile, amesoma ku masomo ileile, na pengine naye amekimbia vita ileile. Vincent Chin alikuwa mutoto wa askari wa Marekani. Aliyemupiga hakumuuliza.

Kuna pia habari ya kazi na feza. Detroit ilikosa kazi juu ya petroli, benki, mashini na makosa ya wakubwa. Nyundo haikurudisha hata kazi moja. Kazi zilirudi, kidogo, wakati watu walizungumuza: sendika ikaenda Japani, serikali zikaandika mapatano, viwanda vikajengwa Ohio na Kentucky. Mutu anayetaka kulinda soko ya Congo anaweza kuuliza maswali ya namna hiyo: nani anapokea taksi ku mupaka na inaenda wapi, kwa nini mukulima wa Masisi ao wa Ruzizi hana barabara ya kufikisha mazao yake ku muji, kwa nini kiwanda kidogo kinakosa umeme. Maswali hayo yako na wenye kupashwa kuyajibu, na ofisi zao zinajulikana.

Mama mwenye kuuzisha nyanya, mwenye sura isiyopendwa, hayumo kati yao.